Siki, bingwa aliyekataa kulala

Mashabiki wa ngumi wakikaa pamoja hapakosi ubishi wa Mwafrika wa kwanza kushika ubingwa wa dunia. Vijana humtaja Azumah Nelson. Wa umri wangu husogea nyuma kidogo hadi kwa Dick Tiger. Akiwapo mzee mwenye kumbukumbu, atawanyamazisha wote: kabla ya Tiger alikuwapo Hogan Bassey, Mnigeria mwenzake, aliyempiga Cherif Hamia jijini Paris mwaka 1957. Hapo ubishi huisha, kahawa huagizwa, watu wakahamia Simba na Yanga.

Miaka 35 kabla ya Bassey, katika Paris hiyo hiyo, kijana wa Senegal alimwangusha bingwa wa dunia mbele ya maelfu ya Wafaransa waliolipa viingilio kuja kumwona akipigwa yeye. Ulingoni aliitwa Battling Siki. Ubingwa aliushika kwa muda usiofika nusu mwaka, na baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa alikuwa maiti kwenye barabara ya New York, ana risasi mgongoni, umri wake miaka 28. Ukimtafuta leo utakutana kwanza na visa vya kuchekesha: alitembea na mtoto wa simba Paris, alivaa kama mfalme, alilewa, alirusha risasi hewani mbwa wake wacheze. Visa hivyo vingi ni vya kweli. Kinachoniudhi ni jinsi vilivyofunika kila kitu kingine, mpaka mtu aliyefanya jambo zito kuliko bondia yeyote wa kizazi chake barani Ulaya akabaki kuwa kichekesho cha pembeni kwenye vitabu vya wengine.

Alizaliwa Septemba 1897, Saint-Louis, mji wa kisiwani kwenye mlango wa mto Senegal. Nyaraka zinamwandika kwa majina yasiyokubaliana, lakini kwao alikuwa wa ukoo wa Fall, na jina lake M'Barick, yaani Mbaraka wetu. Wafaransa waliandika Phal, wakaongeza Louis mbele. Saint-Louis haukuwa kijiji cha porini. Ulikuwa mmoja wa ile Miji Minne ya Senegal, pamoja na Gorée, Dakar na Rufisque, ambayo wazaliwa wake walikuwa na haki ya kupiga kura na kumchagua mbunge wa kwenda Paris tangu karne ya 19. Mwaka 1914 walimchagua Blaise Diagne, Mwafrika mweusi wa kwanza kuketi katika Bunge la Ufaransa. Mkumbuke huyo Diagne, atarudi.

Jinsi mtoto huyu alivyofika Ulaya, kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba mwanamke mmoja mzungu, mcheza dansi aliyepita na meli, alimpenda akiwa na miaka minane au kumi akamchukua. Wengine huongeza kwamba alikuwa akipiga mbizi bandarini kuokota sarafu walizotupa abiria. Kisa hiki nakisoma kwa tahadhari. Kimekaa vizuri mno, kama kilichotungwa na mwandishi wa gazeti aliyetaka picha ya mtoto mweusi anayeokotwa kama sarafu zenyewe. Cha uhakika ni kwamba akiwa kijana mdogo alikuwa tayari kusini mwa Ufaransa anafanya vibarua, na kwamba kabla ya vita kuu ya kwanza alikwisha kuanza kupigana kwa malipo madogo madogo kwenye kumbi za huko.

Kisha vita vikaja. Siki alipigana katika kikosi cha 8 cha askari wa miguu wa kikoloni, na alitoka na nishani mbili: Croix de Guerre na Médaille militaire. Hii ya pili Ufaransa haikuigawa ovyo kwa askari wa kawaida. Kwa kuwa wasimulizi wengi hupita hapa mbio ili wamfikie simba, nasimama kidogo. Diagne huyo huyo alikuwa amepitisha sheria, mwaka 1915 na 1916, iliyothibitisha uraia wa wazaliwa wa Miji Minne na wajibu wao wa kuingia jeshini kama Wafaransa wengine, na mwaka 1918 alizunguka Afrika Magharibi kuandikisha askari zaidi ya 60,000. Mapatano yalikuwa kwamba damu italipwa kwa haki. Huku kwetu wakati huo huo wanaume walikuwa wakibebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza na la Mjerumani hadi wanakufa njiani, na hata mapatano ya maneno hawakupewa. Siki alikuwa mmoja wa waliolipa upande wao wa deni mapema.

Baada ya vita alirudi kwenye ngumi, akazunguka Ufaransa, Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani, Hispania. Alipigana mara nyingi kwa mwezi, mahali popote penye ulingo na mlipaji. Uholanzi alimpata mke, Lijntje van Appelteer, wakazaa mtoto wa kiume. Alijifunza lugha kadhaa njiani, na hilo baadaye magazeti ya Marekani hayakuliona, kwa sababu yalipomnukuu yalimwandikia maneno ya kitoto. Kufikia 1922 alikuwa ameshinda mfululizo mrefu wa mapambano, na meneja wake, Charles Hellers, aliweza kubisha hodi kwa wakubwa.

Na mkubwa Ufaransa alikuwa mmoja tu. Georges Carpentier alizaliwa 1894 kwenye ukanda wa migodi ya makaa ya mawe kaskazini mwa nchi, akaanza ngumi za kulipwa akiwa mtoto, akapanda uzito baada ya uzito. Vitani alikuwa rubani. Alikuwa na sura nzuri, suti nzuri, tabasamu zuri, na mkono wa kulia wa kutisha. Oktoba 1920 alimpiga Battling Levinsky huko Jersey City akatwaa ubingwa wa dunia wa light heavy, ule wa mabondia wasiozidi kilo 79 hivi. Julai 1921 alipanda kupigana na Jack Dempsey kwa ubingwa wa uzito wa juu. Alipigwa raundi ya nne, lakini lilikuwa pambano la kwanza katika historia kuingiza zaidi ya dola milioni moja mlangoni, na Wafaransa walimpenda zaidi aliposhindwa. Carpentier naye alikuwa na nishani mbili za vita. Unazijua: Croix de Guerre na Médaille militaire. Nishani zile zile. Za mmoja ziliimbwa kwenye kila gazeti. Za mwingine zilitajwa kwa mshangao, pale zilipotajwa.

Pambano lilipangwa Jumapili, 24 Septemba 1922, kwenye uwanja mpya wa Buffalo, Montrouge, kusini kidogo mwa Paris. Kwa Carpentier ilikuwa kazi nyepesi ya kurudisha jina na kutengeneza pesa, na filamu ingepigwa ikauzwe. Mpinzani alichaguliwa kwa sababu alikuwa mkakamavu, anajulikana kidogo, na kwa mawazo ya waliomchagua, hana hatari.

Filamu hiyo ipo, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuiona. Raundi ya kwanza Siki anainama sana, anajificha nyuma ya glovu, na anapiga goti baada ya konde ambalo mimi sikuliona likimfika sawasawa. Carpentier anacheza naye. Anatabasamu. Raundi ya tatu Siki anakwenda tena chini. Halafu anainuka, na anayeinuka si yule aliyeanguka. Anaacha kujikunja. Anaingia ndani, anatupa ngumi za mzunguko kutoka pembe ambazo mwenzake hazijui, na kabla raundi haijaisha Carpentier naye amekwishaonja sakafu. Ya nne na ya tano ni kipigo. Uso wa kipenzi cha Ufaransa unavimba, damu inatoka, miguu inakuwa mizito. Ya sita anaanguka na hainuki.

Siki mwenyewe alieleza baadaye kilichotokea kati ya raundi ya kwanza na ya tatu. Alisema pambano liliuzwa. Alitakiwa aanguke mapema, aanguke tena, kisha alale moja kwa moja raundi ya nne, huku watu wa pande zote mbili wakijua. Akaanza kuitekeleza kazi, akapigwa kuliko alivyotarajia, akajiuliza kwa nini, akabadili mawazo.

Niliwahi kuvaa glovu ujanani, ngumi za ridhaa, na sikufika popote pa kujivunia. Lakini klabuni kwetu alikuwepo mwenzetu mmoja, mzuri kuliko sisi wote, ambaye promota alimwita pembeni siku chache kabla ya pambano akamwomba alale, kwa kiasi cha pesa ambacho leo hakinunui hata gunia la mchele. Alilala. Miaka baadaye, tukiwa watu wazima wenye vitambi, alinieleza kwamba kuanguka hakukuwa na shida, kila bondia anajua kuanguka. Shida ilikuwa kubaki chini akimsikia refa anahesabu, kichwa kizima, magoti mazima, na kila namba ikimtaka asimame. Alisema alipofika nane alianza kulia. Kwa hiyo nikimtazama Siki raundi ya tatu, ile sekunde anayonyanyuka, namwamini. Uchunguzi uliofanywa haukumtia hatiani mtu yeyote kwa kupanga matokeo, na wapo wanaosema alitunga ili kuwakomoa mabosi wake. Sawa. Mimi nasema angalia goti la raundi ya kwanza.

Yaliyofuata baada ya Carpentier kuanguka yanaonyesha nani alitegemewa kushinda. Alipokwenda chini raundi ya sita, miguu ya wawili hao iligusana, na mguu mmoja wa Carpentier ukabaki umeinuliwa hewani. Meneja wake, François Descamps, akapanda juu akipiga kelele kwamba Siki amempiga mtama. Refa, Harry Bernstein, akatangaza kwamba Siki amefanya rafu na ameondolewa mchezoni. Mshindi, mtu aliyelala sakafuni asiyejijua: Georges Carpentier.

Hapa ndipo nawapenda Wafaransa waliokuwa uwanjani, wale waliokuja kumshangilia Carpentier. Walikataa. Walipiga kelele, wakapiga miluzi, wakagoma kuondoka. Walikuwa wameyaona kwa macho yao na hawakutaka kudanganywa mchana kweupe, hata kwa faida ya mtu wao. Majaji wakakaa, wakashauriana, umati ukizidi kupandwa na hasira, na mwishowe uamuzi wa refa ukatenguliwa. Siki akatangazwa bingwa wa dunia. Haitoshi kusema umati ulikuwa wa haki. Umati huo huo kesho yake ulinunua magazeti nitakayoyataja sasa. Lakini saa ile, bila wao, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Magazeti ya Paris yalitafuta neno la kumwita bingwa mpya na mengine yakaunganisha neno la bingwa na la sokwe. Meneja wake mwenyewe, Hellers, aliyekula asilimia yake, aliwaambia waandishi kwamba zamani aliwaza kuwa mtu akimpata sokwe mwenye akili akamfundisha ngumi atakuwa na bingwa wa dunia, na kwamba katika Siki amempata. Hayo alisema meneja, si adui. Siki alijibu, na jibu lake halikunukuliwa hata robo ya yale matusi: maneno hayo yanamuumiza, maisha yake yote ameishi mijini, na hiyo misitu wanayomhusisha nayo hajawahi hata kuiona.

Msomaji mmoja wa Paris aliielewa maana ya pambano lile kuliko waandishi wa michezo. Alikuwa kijana wa Vietnam aliyekuwa akijiita Nguyen Ai Quoc, akiandika kwenye *Le Paria*, gazeti la watu wa makoloni. Desemba 1922 aliandika makala kuhusu Siki, na hoja yake ya kejeli ilikuwa kwamba tangu ukoloni uanze wazungu wamelipwa kuwapiga watu weusi usoni, na safari hii moja mtu mweusi amelipwa kumpiga mzungu. Dunia ilimjua kijana huyo baadaye kwa jina la Ho Chi Minh.

Siki alikaa kileleni wiki chache tu kabla hawajaanza kumshusha. Novemba ya mwaka huo huo wa 1922 alikuwa kwenye kona ya bondia mwenzake, ukazuka ugomvi, akashtakiwa kumpiga meneja wa upande wa pili. Shirikisho la ngumi la Ufaransa likamsimamisha miezi tisa. Bingwa wa dunia, nchini kwake, haruhusiwi kupigana. Ni hapo alipomwendea Diagne na kumweleza habari za pambano lililouzwa, na mwishoni mwa Novemba mbunge akasimama Bungeni kumtetea. Hoja ya Diagne ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu huyu anaadhibiwa kwa kumshinda aliyemshinda. Bunge la nchi kubwa, lenye madeni ya vita na mgogoro na Ujerumani, likakaa kujadili ngumi za raundi ya sita. Napenda picha hiyo, ingawa haikumsaidia sana mhusika.

Mlango wa pili ulikuwa Uingereza. Siki alikuwa apigane London mwezi Desemba na Joe Beckett, bingwa wa Uingereza wa uzito wa juu. Wizara ya Mambo ya Ndani ikapiga marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba pambano kati ya mtu mweusi na mzungu huamsha hisia zisizofaa, kwa kuwa eti tabia za pande hizo mbili haziendani. Hawakulianza kwake. Mwaka 1911 walizuia pambano la Jack Johnson, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na Billy Wells, Mwingereza mzungu, kwa hoja za aina hiyo, na tangu wakati huo ubingwa wa Uingereza wenyewe ulifungwa kwa mabondia weusi, hata waliozaliwa Uingereza, mpaka Dick Turpin alipoutwaa mwaka 1948. Uwekeni mwaka 1922 mahali pake. Machi mwaka huo askari wa Mwingereza walifyatua risasi Nairobi kwa watu waliotaka Harry Thuku aachiwe. Julai, Shirikisho la Mataifa lilithibitisha Tanganyika kuwa chini ya Uingereza. Serikali iliyokuwa na watu weusi mamilioni wa kuwatawala haikuwa na hamu ya kuona bingwa wake mzungu akihesabiwa mpaka kumi mbele ya kamera.

Ikabaki Ireland. Watu hucheka wakisikia: Mwafrika anakwenda kutetea ubingwa wa dunia dhidi ya Mwairishi, jijini Dublin, siku ya Mtakatifu Patrick, 17 Machi 1923, tena katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Husemwa alikuwa mjinga, kwamba hakuna mwenye akili angeingia mtego huo. Lakini aende wapi? Ufaransa amesimamishwa. Uingereza amekatazwa. Meneja anataka pesa. Mike McTigue, mzaliwa wa kaunti ya Clare aliyekuwa akipigana Marekani, alikuwa tayari, na ukumbi wa La Scala katikati ya Dublin ulikuwa tayari. Wapinzani wa serikali walikuwa wametangaza kwamba burudani zisimame kuomboleza wenzao waliohukumiwa kifo na kupigwa risasi. Ukumbi ukazungushiwa askari. Jioni ile bomu lililipuka jirani, vioo vikatetemeka, na pambano likaendelea.

Zilikuwa raundi 20, na hazikuwa tamu. Siki alifuata, McTigue alirudi nyuma na kupiga kwa mkono wa kushoto, na mwisho McTigue akapewa ushindi kwa pointi. Sitasema aliibiwa, maana sijaona ushahidi wa kunitosha. Ninachosema ni kwamba kufikia usiku ule alikuwa ameshapoteza kabla ya kengele, kwa sababu bingwa mwingine yeyote angechagua mji, tarehe na mpinzani.

Septemba 1923 alivuka kwenda Marekani. Wamarekani walimsubiri kama sarakasi, na yeye, hili nalikiri kwa niaba yake, hakuwanyima. Alivaa kofia ndefu na mavazi ya jioni mchana, aligawa pesa mitaani, aligombana na madereva wa teksi, alikunywa katika nchi iliyokuwa imepiga marufuku pombe. Alioa tena huko, mwanamke mwingine mzungu, katika nchi ambako majimbo mengi yalikuwa na sheria ya kuzuia ndoa kama hiyo. Ulingoni mapromota walimpa mtihani ambao mabingwa weupe waliukwepa: Kid Norfolk, bondia mweusi kutoka Virginia, mmoja wa watu hatari kabisa wa uzito wake, aliyenyimwa nafasi ya ubingwa miaka yote. Novemba 1923, Madison Square Garden, Norfolk alimshinda Siki kwa pointi baada ya raundi 15. Watu wawili ambao kila mmoja alikuwa na haki ya kupigania mkanda wakaachwa wamalizane wenyewe kwa wenyewe, mkanda ukiwa kwingine.

Baada ya hapo ni kuteremka. Alipigana mno, alifanya mazoezi kidogo, alipigwa na watu ambao 1922 wasingemgusa. Machi 1925 Paul Berlenbach alimsimamisha raundi ya kumi. Aliishi Hell's Kitchen, mtaa wa magharibi mwa Manhattan wenye walevi, magenge na pombe ya magendo, na alikuwa na madeni na ugomvi kwenye vilabu kadhaa vya hapo. Alfajiri ya 15 Desemba 1925 alikuwa anatembea kurudi nyumbani. Mtu alimpiga risasi mbili mgongoni. Alikutwa kwenye barabara ya 41, si mbali na mlango wake. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Miezi miwili na siku kadhaa baadaye, Februari 1926, Tiger Flowers alimshinda Harry Greb akawa bondia mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa uzito wa kati. Flowers alikuwa shemasi wa kanisa, na kabla ya kengele alizoea kusoma Zaburi ya 144, ile ya Bwana anayeifundisha mikono vita na vidole kupigana. Magazeti yalimpenda. Muongo mmoja baadaye Joe Louis aliletwa kwenye ubingwa wa uzito wa juu, wa kwanza mweusi kupewa nafasi hiyo tangu Johnson, na mameneja wake walimpa masharti: usipigwe picha na mwanamke mzungu, usimcheke uliyemwangusha, usiingie kilabuni peke yako. Masharti hayo yaliandikwa kwa kumwangalia Jack Johnson, aliyewaudhi wazungu kwa mambo hayo hayo, kila mtu anajua. Mimi naamini kivuli cha Siki nacho kilikuwepo chumbani.

Sina ugomvi na Flowers wala Louis. Walifanya walichoweza ndani ya chumba walichopewa. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe tunapokubali kwamba shujaa mweusi ni lazima awe mtakatifu ndipo akumbukwe. Carpentier alipenda starehe, alipenda wanawake, alipenda kamera, aliishi hadi 1975 akiheshimiwa. Siki alipenda hivyo hivyo. Alikuwa mlevi, ndiyo. Alikuwa mgumu kuishi naye, na mke wake wa Uholanzi angekuwa na mengi ya kutueleza ambayo hayamsifu, na si haki kuyafuta kwa sababu tu tumempenda. Hata hivyo mlevi huyo alipewa kila sababu ya kubaki chini siku ile: pesa, meneja, mazoea, umati. Hakubaki.

Alizikwa Flushing, Queens, akakaa huko karibu miaka 70. Mwaka 1993 mabaki yake yalipelekwa Senegal akazikwa Saint-Louis, mji ule ule wa mlango wa mto. Kufikia hapo Uganda ilikuwa imeshampata Ayub Kalule, bingwa wa 1979, na Kenya dhahabu ya Robert Wangila Seoul 1988, na mtoto wa Temeke au Kampala hakuhitaji tena kuambiwa kwamba Mwafrika anaweza. Wapo wanaoniambia Siki asihesabiwe, kwa kuwa alipigana kama Mfaransa na leseni yake ilikuwa ya Ufaransa. Bassey naye 1957 alikuwa raia wa koloni la Mwingereza, Nigeria haijapata uhuru, na hakuna anayemtoa kwenye orodha. Ubishi ukianza tena, mwaka ni 1922, uwanja ni Buffalo, raundi ni ya sita, na atakayetaka kuleta habari za simba asubiri kwanza tumalize za nishani.